Ugaidi, Mtandao na Sababu: Historia Fupi ya Istilahi Kutoka Arusha

Neno gaidi si geni katika Kiswahili. Maana yake ya zamani ni mnyang'anyi, yaani mtu avamiaye wengine na kuwapora mali kwa nguvu. Na kwa maana hiyo lilikuwa jirani wa haramia na jambazi. Mtandao nao watokana na kitenzi tanda, chenye dhana ya kuenea. Historia ya miaka ya karibuni imeyakutanisha maneno haya mawili. Hata hivyo, mfasiri apewapo taarifa juu ya uhusiano baina ya matumizi ya mitandao ya kijamii na ugaidi katika nchi mbalimbali, neno limponzalo ni la tatu: uhusiano.

Baada ya balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, na baada ya mashambulio ya Marekani ya 2001, Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002. Tangu hapo ugaidi si tusi tu, bali ni jina la kosa. Alitajaye ovyo humtia mtu hatiani kabla ya hakimu.

Arusha ililijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa kanisani Olasiti. Tarehe 15 Juni mwaka huohuo jingine liliua watu katika Uwanja wa Soweto, Kaloleni, kwenye mkutano wa kampeni za udiwani. Waliolipuliwa walikuwa watu waliokusanyika uwanjani kwa miguu yao. Atakaye kulihusisha tukio kama hilo na mtandao hana budi kuonyesha nani aliandika, nani alisoma, na nini kilifuata. Mwezi Septemba 2013, Westgate iliposhambuliwa mjini Nairobi, kundi la al-Shabaab lilitangaza habari zake kwa Twitter. Akaunti ilipofungwa, nyingine ilifunguliwa. Hapo uhusiano ni dhahiri, lakini ni uhusiano wa kutangaza. Kutangaza si kusababisha.

Tofauti hiyo ilikwisha kupimwa jijini Arusha kwenyewe, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama iliwatia hatiani Nahimana na Barayagwiza, waasisi wa redio RTLM, pamoja na Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufani ilipoamuliwa tarehe 28 Novemba 2007, majaji walitenganisha nyakati. Walikubali kwamba matangazo ya redio ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994 yalichangia mauaji kwa kiasi kikubwa. Lakini kwa matangazo yaliyotangulia, kiungo na mauaji hakikuthibitishwa. Sehemu ya hatia ilitenguliwa na vifungo vikapunguzwa. Redio ilikuwa ileile. Ushahidi ndio uliotofautiana.

Katika kesi za mahakama hiyo, hata neno inyenzi, ambalo kwa Kinyarwanda ni mende, lilibidi lichunguzwe: nani alilisema, wakati gani, na wasikilizaji walilielewaje.

Kutokana na historia hiyo, yafaa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayatenge maneno manne. Uwiano ni hali ya mambo mawili kupanda na kushuka pamoja. Nchi yenye watumiaji wengi wa mitandao yaweza pia kuwa na miji mikubwa, vijana wengi, au vyombo vinavyoandikisha matukio kwa ukamilifu zaidi. Hivyo uwiano peke yake hauthibitishi kitu. Mchango ni sehemu ya kitu miongoni mwa visababishi vingi. Sababu ni kile ambacho, kisipokuwapo, tukio lisingetokea. Uchochezi ni tendo la mtu kuwahimiza wengine watende uovu, nalo lina mtendaji wa kushtakiwa.

Mfasiri aandikapo kwamba mitandao "husababisha" ugaidi pale ambapo mtafiti alipima uwiano tu, amebadili hukumu na si neno peke yake. Afisa asomaye tafsiri hiyo aweza kufunga mtandao wa watu wote huku mrusha bomu akiendelea kutembea huru.