Pikipiki Zisizo na Breki

Ndugu zangu wa zamani, nanyi vijana mliopo shuleni, spidiwei niliijua London mwaka 1978, nilipokuwa masomoni. Kila Alhamisi jioni tulikwenda Wimbledon, uwanja wa Plough Lane. Waendeshaji wanne, mizunguko minne, pikipiki za cc 500 zenye gia moja, na breki hakuna! Kwenye kona huilaza pikipiki wakiburura mguu wa kushoto, kiatu kimefungwa chuma, na udongo huwarukia watazamaji. Wa kwanza pointi 3, wa mwisho hapati kitu.

Tarehe 5 Septemba, 1981 nilikuwa Wembley (tiketi niliipata kwa kuuza koti langu la baridi) Bruce Penhall wa Marekani alipotwaa ubingwa wa dunia. Siku hizo bingwa alipatikana usiku mmoja. Ukianguka, mwaka wako umekwisha. Tangu 1995 pointi hukusanywa katika mashindano kadhaa. Wataalamu husema hiyo ndiyo haki. Huenda, lakini usiku ule wa Wembley hatukuthubutu hata kuketi.

Plough Lane spidiwei ilikoma 2005, na mahali pale pamejengwa uwanja wa kandanda. Karatasi yangu ya Wembley, niliyojaza matokeo ya mbio zote 20 kwa penseli, ninayo. Nitakuja nayo siku ya mkutano wetu.