Kuuza Kilicho Huru

Msomaji, mchongaji wa Tabaka, huko Kisii, huuza chombo alichokichonga kwa mawe laini, wala hamzuii mwenzake kujifunza ufundi ule. Programu za kompyuta nazo zina desturi kama hiyo. Mwaka 1985 Richard Stallman wa Marekani aliuza kanda za programu yake, Emacs, kwa dola 150. Mwaka 1989 aliandika leseni ya GNU: kila mtu aweza kuibadili programu na kuiuza kwa bei apendayo, mradi amwachie mnunuzi maandishi yaliyoiunda, pamoja na uhuru ule ule aliopewa yeye. Basi, kijana wa Kisii au Nyamira, kula jasho lako, lakini usikifukie kisima ulimochota.