Wamebeba kombe timu ikiwa tayari imekufa: Mashabiki wa Yokohama waliogoma kuhamia kwa watani

Tarehe 1 Januari 1999, Uwanja wa Taifa jijini Tokyo. Fainali ya Kombe la Mfalme wa Japani imeisha 2-1. Yokohama Flügels ndio mabingwa. Kombe linanyanyuliwa, picha zinapigwa, lakini ukiangalia jukwaani watu wazima wanalia kama watoto.

Hawalii kwa furaha. Filimbi iliyomaliza mechi ndiyo iliyoimaliza na klabu. Hakuna msimu ujao, hakuna usajili, hakuna mazoezi Jumatatu. Timu imechukua ubingwa siku ya mwisho ya maisha yake.

Ilifikaje huko? Na wale waliokuwa wanalia waliishia wapi? Hapo ndipo stori yenyewe ilipo.

TIMU YA MTAANI IKAPATA MABOSI

Mizizi ya Flügels ni ya kawaida kabisa. Ilianza mwaka 1964 kama timu ya watoto wa mtaani kwao, Yokohama. Miaka ikaenda, shirika la ndege la All Nippon Airways likaingia na mkwanja wake, timu ikakua mpaka ikawa timu ya kampuni. Enzi hizo soka la Japani lilikuwa hivyo. Klabu zilikuwa mali za makampuni na wachezaji wengi walikuwa waajiriwa wa kawaida wanaocheza mpira.

Mwaka 1993 ikaja J.League, ligi ya kulipwa. Timu 10 ndizo zilizoanza na Flügels ilikuwa mojawapo. Jina lilitoka Kijerumani, maana yake ni mabawa, na kwa timu ya shirika la ndege lilikaa vizuri tu. Nyuma ya mabawa hayo walikuwepo wamiliki wawili: All Nippon Airways na kampuni ya ujenzi ya Sato Kogyo.

Shida ni kwamba Yokohama haikuwa na timu moja. Kulikuwa na Marinos pia, timu ya Nissan, wakubwa wenye makombe. Mji mmoja, timu mbili. Utani wake unaujua bila kuambiwa.

Flügels hawakuwa wanyonge. Walibeba Kombe la Mfalme msimu wa kwanza tu wa J.League, kisha wakachukua Kombe la Washindi la Asia. Mwaka 1995 wakashusha Wabrazili wa maana, akiwemo Zinho, aliyekuwa ametoka kubeba Kombe la Dunia 1994, na kiungo César Sampaio. Mastaa wa hivyo hawaji kwa nauli ya daladala. Matumizi yalikuwa makubwa, na yote yalitegemea mifuko ya mabosi wawili.

OKTOBA 29, SIKU MBAYA

Uchumi wa Japani ulikuwa umeyumba tangu mwanzoni mwa miaka ya 90. Mwaka 1997 hadi benki kubwa zilianguka, na makampuni ya ujenzi yakaumia vibaya. Mwaka 1998 Sato Kogyo ikasema imechoka, inajitoa. All Nippon Airways nao wakaona mzigo ule hawauwezi peke yao.

Tarehe 29 Oktoba 1998 ikatangazwa kwamba Flügels inaunganishwa na Marinos. Ndiyo, Marinos haohao.

Mashabiki hawakuulizwa. Wachezaji hawakuulizwa. Watu walizipata habari kwenye vyombo vya habari kama watu baki. Unaamka asubuhi unaambiwa timu uliyoimbia miaka yote imeuzwa, na kuanzia sasa unatakiwa umshangilie yule uliyekuwa unamzomea. Wakubwa waliita muungano. Mashabiki waliita kumezwa, na ukiangalia karatasi walikuwa sahihi: kampuni iliyobaki hai ni ya Marinos, ya Flügels ikafungwa.

Walichofanya baada ya hapo ndicho kinachofanya wakumbukwe. Hawakuchoma moto viti. Walisimama barabarani na kwenye viwanja wakikusanya saini, maelfu kwa maelfu, na wachezaji wenyewe wakashika karatasi wakawaomba wapita njia wasaini. Hata mashabiki wa timu pinzani walisaini, kwa sababu kila mmoja alijiuliza swali lilelile: leo kwao, kesho kwa nani?

Uwanjani nako kukawaka. Siku mbili baada ya tangazo Flügels waliingia kucheza na Cerezo Osaka, wakawapiga 7-0. Na tangu siku hiyo hawakupoteza mechi tena. Wakamaliza ligi wanashinda, wakaingia Kombe la Mfalme ambalo ni mtoano: ukifungwa moja, safari imeisha. Kwa wengine kufungwa ni kutolewa. Kwa Flügels kufungwa kulikuwa ni kufa. Kila ushindi uliongeza siku chache za kuishi.

Wakamtoa Júbilo Iwata. Nusu fainali wakamtoa Kashima Antlers. Hizo ndizo zilikuwa timu mbili ngumu kuliko zote Japani wakati ule. Fainali wakakutana na Shimizu S-Pulse, wakatanguliwa kufungwa, wakasawazisha, wakaongeza la pili. Wamebeba kombe. Na wamekufa.

Saini hazikubadilisha kitu. Februari 1999 muungano ukakamilika na Marinos wakaongeza herufi moja kwenye jina: Yokohama F. Marinos. Hiyo F ndiyo Flügels. Historia yote ile, herufi moja na nukta. Mfungaji wa bao la mwisho kabisa, Takayuki Yoshida, naye akaenda Marinos. Kipa Seigo Narazaki akaenda Nagoya. Kijana mmoja aliyekuwa ametoka shule mwaka huohuo, Yasuhito Endo, akaenda Kyoto, na baadaye akawa mchezaji aliyeichezea Japani mechi nyingi kuliko wote, mechi 152. Wachezaji wana pa kwenda. Shabiki anaenda wapi?

"BASI TUTAANZISHA YETU"

Mashabiki wakagawanyika. Kuna walioikubali ile F wakahamia. Kuna walioacha mpira moja kwa moja. Na kuna waliosema hapana, kama timu ya kampuni inaweza kufungwa na watu wawili mezani, tutaanzisha timu ambayo hakuna bosi wa kuifunga.

Hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa kazi za kawaida ambao majina yao hayapo kwenye kumbukumbu za magoli. Wakachanga. Wakaangalia Barcelona inavyomilikiwa na wanachama, wakasema mfumo ndio huo. Desemba 1998, Flügels ikiwa bado inapambana kwenye kombe, kampuni ya kuendesha klabu mpya ikaandikishwa. Ikazaliwa Yokohama FC. Kwenye nembo yao wakaweka ndege wa moto, yule wa hadithi anayeungua kisha anafufuka kwenye majivu yake.

Wakaanzia ligi ya tatu, JFL, mwaka 1999. Kocha alikuwa Mjerumani Pierre Littbarski, bingwa wa dunia wa 1990. Wakabeba JFL mara mbili mfululizo, na mwaka 2001 wakapanda J2. Mwaka 2006 wakabeba J2. Miaka minane tu tangu wachangishane, timu ya waliofiwa ikapanda ligi kuu.

Na nani alikuwa anawasubiri huko? Marinos.

Tarehe 10 Machi 2007, Yokohama FC 1, Marinos 0. Kwa aliyelia pale Tokyo 1999, hilo bao moja lilikuwa na uzito wa kombe.

Ila mpira hauna huruma. Mechi ya marudiano mwezi Agosti Marinos waliwapiga 8-1. Yokohama FC walishinda mechi 4 tu kati ya 34 msimu ule, wakashuka wakiwa wa mwisho. Hata hivyo siku ya mwisho, wakiwa wameshashuka, wakamfunga Urawa Reds 1-0 na kumnyima ubingwa wa Japani, Urawa aliyekuwa ametoka kuchukua ubingwa wa Asia mwezi mmoja nyuma. Damu ya Flügels hiyo: hata ukiwa umekufa, unacheza.

NDOTO NA BILI

Sasa ukweli mchungu. Ile ndoto ya klabu ya wanachama haikudumu kama walivyoipanga. Mishahara, viwanja na safari havilipwi kwa nyimbo. Mwaka 2005 klabu ikaingia mikononi mwa LEOC, kampuni ya mambo ya chakula. Timu iliyozaliwa kwa kukimbia makampuni ikarudi kwa kampuni. Mwaka huohuo akaja Kazuyoshi Miura, na ni kwa jezi hiyo ya Yokohama FC alifunga bao Machi 2017 akiwa na miaka 50.

Kwa hiyo mashabiki walishindwa? Inategemea unahesabu nini. Flügels hairudi. Umiliki haukubaki mikononi mwao. Lakini mabosi wa 1998 walipanga Yokohama iwe na timu moja pungufu, na mpaka leo Yokohama FC ipo, inapanda, inashuka, inapanda tena. Mpango wa wakubwa haukutimia, na waliouzuia ni watu waliokuwa na karatasi za saini na michango yao tu.

Mwenye hela anaweza kuifunga timu. Kuwafunga watu wake ni kazi nyingine.

Swali kwako mdau: ukiambiwa kesho timu yako inaunganishwa na watani, unahama, unaacha mpira, au unaanza upya ligi ya tatu? Kuwa mkweli.