Sauti ngeni kwenye kompyuta inayopozwa kwa maji: jinsi ya kutambua chanzo

Katika baadhi ya nyumba na ofisi za Upanga, kompyuta za kuhariri video, kuchora majengo au kucheza gemu hupozwa kwa maji badala ya feni peke yake. Mfumo huo ukianza kutoa mlio usiouzoea, wengi huamini umekufa na kwenda moja kwa moja Kariakoo kutafuta mwingine. Mara nyingi tatizo ni dogo na halihitaji kifaa kipya. Mara chache ni kubwa, na kila saa ya kusubiri inaongeza hasara. Hapa tunaeleza jinsi ya kutofautisha hali hizo mbili kabla ya kutoa fedha.

Mfumo unavyofanya kazi

Kanuni ni ileile ya rejeta ya gari. Bamba la shaba hukaa juu ya prosesa na kupokea joto. Pampu ndogo, ambayo mara nyingi iko ndani ya kichwa kilichobeba bamba hilo, husukuma maji kupitia mipira miwili hadi kwenye rejeta. Feni huipuliza rejeta, joto hutoka, na maji hurudi kuanza safari upya. Maji hayo huchanganywa na glaikoli na dawa ya kuzuia kutu, na mifumo mingi inayouzwa sasa hufungwa kiwandani moja kwa moja.

Njia hii si ngeni duniani. Kampuni ya Apple, kwa mfano, iliuza kompyuta ya Power Mac G5 yenye kupozwa kwa kimiminika mwaka 2004.

Kwa hiyo sauti ngeni kwenye mfumo huu ina washukiwa watatu: feni, pampu, au hewa iliyoingia kwenye maji.

Tafuta kwanza inakotoka

Kunja karatasi ngumu iwe kama bomba. Weka ncha moja sikioni na elekeza nyingine kwenye rejeta, kisha kwenye kichwa cha pampu. Kompyuta ikiwa wazi na inawaka, weka mbali mtandio, nywele ndefu na mikono ya nguo.

Ukishindwa kutofautisha, zima kompyuta, chomoa waya wake ukutani, kisha chomoa plagi ya feni moja ya rejeta. Washa kwa dakika moja bila kuipa kazi, usikilize, halafu zima na urudishe plagi. Fanya hivyo kwa kila feni. Plagi ya pampu usiiguse, kwani prosesa isiyopata maji hupanda joto haraka sana.

Sauti na maana zake

Tik-tik ya haraka isiyobadilika: mara nyingi ni waya unaoguswa na panga za feni. Ufunge pembeni.

Mvumo mkavu unaoongezeka feni ikienda kasi: beringi ya feni imechoka au panga zimejaa vumbi. Safisha kwa brashi laini. Usipopata nafuu, badilisha feni hiyo tu, si mfumo mzima.

Bubujiko la maji: ni hewa. Kwenye mfumo mpya, au kompyuta iliyotoka kusafirishwa, likisikika kwa dakika chache kisha likakoma, ni jambo la kawaida. Likirudi kila siku, angalia rejeta ilivyofungwa. Hewa hupanda juu, hivyo sehemu ya rejeta lazima iwe juu kuliko pampu. Pampu ikiwa ndiyo kilele, hewa yote hukusanyika humo.

Mkwaruzo kama wa changarawe kwenye kichwa cha pampu: huenda hewa imenasa ndani. Inua upande mmoja wa kompyuta taratibu, kisha upande wa pili, ili hewa ihamie kwenye rejeta. Mkwaruzo usipoisha, pampu inakaribia mwisho wake.

Mluzi mwembamba: ukitoka kwenye kichwa cha pampu, angalia mwendo wake kwenye mipangilio ya BIOS, maana pampu nyingi hazipendi kupandishwa na kushushwa kasi kila mara. Ukitoka kwenye kadi ya picha au kwenye pawa saplai, hasa wakati wa gemu, hauhusiani na maji hata kidogo.

Hesabu joto la Dar es Salaam

Maji ya mfumo huu hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumbani. Chumba cha nyuzi joto 32 kinaanza nyuzi 10 juu ya chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 22, na feni lazima zikimbie zaidi kufidia. Umeme unapokatika, kiyoyozi kikazima huku kompyuta ikiendelea kwa UPS au jenereta, feni zikipiga kelele zaidi zinafanya kazi yake. Upanga iko karibu na bahari. Unyevu na chumvi ya hewani hushikanisha vumbi kwenye mapezi ya rejeta. Yasafishe kila baada ya miezi michache.

Ogopa ukimya

Sisi tunaofanya kazi ya redio tunajua kuwa ukimya usiotarajiwa ni dalili ya hitilafu. Pampu iliyokufa haitoi sauti yoyote. Mwenye kompyuta huona mlio umeisha, akadhani imejirekebisha. Hapo sikio halitoshi. Fungua programu ya kupima joto: prosesa ikipita nyuzi 90 ndani ya dakika moja au mbili bila kazi nzito, na rejeta ikiwa baridi ukiigusa, maji hayazunguki. Prosesa za kisasa hupunguza kasi au kuzima kompyuta ili zisiungue, lakini kazi usiyoihifadhi inapotea. Zima mara moja.

Zima pia ukiona unyevu au utando wenye kunata karibu na mipira, na usiwashe hadi fundi aone.

Unapokwenda kwa fundi

Mweleze sauti inatoka wapi, inaanza lini na joto lilifika ngapi. Kama waranti bado ipo, usikubali mfumo uliofungwa kiwandani ufunguliwe kuongezwa maji. Na ukinunua kompyuta iliyotumika, omba iwashwe kwa robo saa mbele yako, usikilize na usome joto. Mipira hupoteza maji kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita hata bila kuvuja, hivyo mfumo wenye umri mkubwa unaobubujika kila siku ni sababu halali ya kuomba bei ishuke.