Majaliwa Alirudi Bara

Bonde letu la Lukuledi lilikuwa njia ya misafara kwenda Lindi, na watumwa wakipitishwa humo. Ndiyo maana namwaza sana Cecil Majaliwa. Myao, aliuzwa angali mtoto, akakombolewa, akalelewa na wamisionari Zanzibar. Angeweza kubaki huko, salama kabisa. Lakini mwaka 1886, akiwa shemasi, alikwenda Chitangali, upande wa Newala. Jamani, miaka minne tu nyuma Wamagwangwara walikuwa wameivamia Masasi, kijiji cha watumwa walioachwa huru, wakachukua mateka! Uhuru wa hati ungemlinda nani huku? Upadri aliupata 1890, Mwafrika wa kwanza katika UMCA. Mimi ninachokistaajabia zaidi ni ile safari. Alirudi bara, na Injili mkononi, akakaa miaka kama kumi.