Tarehe mbili kwenye injini moja

Mnakumbuka ile hofu ya Y2K, ya mwaka kuandikwa kwa tarakimu mbili? Chevrolet walibana zaidi. Kwenye bloki ya V8 ya Corvette ya 1967, C 14 7 ni Machi 14, mwaka unaoishia na 7: siku chuma kilipomiminwa kalibuni. Halafu V0321 iliyogongwa ni Flint, Machi 21: siku injini ilipounganishwa. Mwaka haumo kabisa!

Basi kagua mfuatano: bloki, injini, kisha gari. Ukigeuka, injini si ya gari hilo. Walaghai husaga namba na kugonga nyingine, maana injini ya asili hupandisha bei. Lakini tarehe iliyotoka kalibuni ni ngumu zaidi kughushi. Usiamini namba moja, linganisha zote.