Uzio wa kabini ya umeme: shaba ya chini ya udongo ndiyo inamlinda mpita njia

Mkaaji wa Wamaza akisafiri Bukavu, Uvira ao Kalemie, anakuta huko kabini kubwa za umeme zenye ukuta ao uzio wa chuma. Bukavu na Uvira zinapata umeme wa mto Ruzizi. Kalemie inapata ule wa Bendera. Wengi wanafikiri uzio uko pale kwa kuzuia wezi tu. Lakini uzio wenyewe unaweza kubeba umeme.

Namna gani? Radi ikipiga ao waya ikikatika, umeme mwingi unaingia udongoni. Udongo wa karibu unapata nguvu kubwa, na nguvu hiyo inapungua kadiri unavyokwenda mbali. Mtu akishika chuma yenye nguvu tofauti na udongo anaokanyaga, umeme unapita mwilini. Hata bila kushika kitu, hatua ndefu inaweza kuua. Ndiyo maana ng’ombe, ambaye miguu yake imeachana sana, iko katika hatari kuliko mtu.

Kwa hiyo mafundi wanafunga uzio kwenye waya za shaba zilizofukiwa. Mara nyingi wanazungusha waya ingine karibu metre 1 inje ya uzio, ili mkono na miguu ya mpita njia vikute nguvu karibu sawa. Ukuta wa matofali nao, mlango wake wa chuma na senyenge ya juu vinapashwa kufungwa vilevile.

Mwizi akichimba shaba ile, kwa macho uzio unabaki kama zamani, lakini ulinzi umekwisha. Hatari ingine ni kufunga hapo waya ya kuanikia nguo, ao kuunganisha uzio wa nyumba na ule wa kabini: chuma hiyo inaleta umeme mpaka nyumbani.

Tarehe 2 Februari 2022, huko Matadi-Kibala, Kinshasa, waya ya umeme mkubwa ilianguka sokoni penye maji ya mvua. Watu 26 walikufa. Haikuwa uzio, lakini njia ya umeme ni ileile: udongo na maji.

Basi, usiegemee uzio wa kabini, usitundike bidhaa hapo, zaidi sana wakati wa mvua. Ukiona shimo limechimbwa pembeni ao shaba imekatwa, juulisha wenye kabini. Waya ikianguka karibu, ondoka kwa hatua fupi sana, miguu ikiwa pamoja, na usimshike aliyepigwa mbele umeme haujakatwa.